Raundi ya Maji

Glenys Prosser alikuwa amejiandaa kwa mengi kabla ya kupanda meli. Alinunua dawa ya kichefuchefu, akashona kifungo cha koti kilichokuwa kinaning'inia, akamwachia jirani yake wa Pontypridd ufunguo wa nyumba pamoja na maelezo marefu kuhusu paka. Kitu kimoja hakukifikiria, nacho ndicho kilichomkodolea macho jioni ya kwanza mezani, meli ikiwa haijamaliza hata kutoka kwenye maji ya Southampton. Karatasi ya bei za vinywaji.

Aliisoma akianzia juu. Akairudia akianzia chini, kana kwamba upande ule bei zingekuwa na huruma. Glasi moja ya mvinyo mweupe, ule wa kawaida kabisa, pauni tisa, na chini yake kwa maandishi madogo, asilimia ya huduma. Mara ya mwisho aliposafiri na mumewe Idris, glasi ile ile ilikuwa pauni tano na kitu, na Idris alinung'unika kuanzia hapo Southampton mpaka Lisbon.

"Kuna bando la vinywaji pia, Bibi Prosser," alisema mhudumu wa meza, kijana wa Goa aliyeitwa Anselmo. "Unalipa kwa siku, unakunywa utakacho."

Glenys alitazama bei ya bando, akamrudishia karatasi kwa adabu kama mtu aliyeonyeshwa picha ya mtoto asiye wake.

Safari yenyewe ilikuwa imeshamkausha. Binti wa duka la safari alimweleza taratibu kwamba bei zote zimepangwa kwa watu wawili chumba kimoja, na anayekwenda peke yake analipa karibu sawa na wawili. Glenys alielewa vizuri. Alikuwa analipia na yule ambaye hayupo. Aliuza karavani ya Idris, ile nyumba ya magurudumu waliyokuwa wakiivuta kwa gari kwenda ufukweni kila Agosti, akalipa.

Binti yake alimuuliza kwa nini asingoje mpaka apate wa kwenda naye. Glenys hakumjibu la maana, kwa sababu jibu lenyewe alilionea aibu. Tangu Idris afariki, miaka miwili sasa, alikuwa anakula chakula cha jioni akiwa amesimama jikoni, sahani juu ya meza ya kukatia mboga, redio pembeni. Siku moja alijikuta anamjibu mtu anayesoma habari za hali ya hewa. Alimwambia, "Hapa kwetu mbona kumekauka?" Akanyamaza na uma mkononi, akaogopa. Kwenye kijitabu cha meli aliona kwamba kuna meza maalumu ya wasafiri walio peke yao. Meza ile ndiyo aliyoinunua. Milima ya Norwei ilikuwa nyongeza tu.

Na sasa alikuwa ameketi kwenye meza hiyo, pamoja na watu watatu.

Kulia kwake alikuwa Rosalind Tarrant, mwalimu mkuu mstaafu, mgongo umenyooka, lulu shingoni, mwanamke ambaye ukimtazama unajiuliza kama kucha zako ni safi. Mbele yake Neville Bogle, aliyezaliwa Jamaika na kuendesha mabasi Birmingham mpaka alipostaafu, suti ya kijivu na tai ya njano, mwenye kumwita kila mtu dada au bosi. Na kushoto Clive Mottram, aliyekuwa tarishi huko Stockport, mrefu, mkimya, aliyekaa ukingoni kabisa mwa kiti chake.

"Basi raundi ya kwanza yangu," Neville alisema, akisugua viganja. "Semeni upesi kabla sijabadili mawazo. Mwalimu? Clive? Dada Glenys, wewe unatumia nini?"

Moyo wa Glenys ulishuka. Kwao, ukipokea glasi ya mtu umefungwa. Zamu yako ikifika utasimama ununue za wote. Na yule anayekunywa za wenzake, kisha zamu yake ikikaribia akakumbuka kwenda msalani, atasemwa hata siku anazikwa. Yeye binafsi hakuwahi kununua raundi maishani mwake. Idris ndiye aliyesimama, Idris ndiye aliyerudi kutoka kaunta na glasi nne katikati ya vidole kama mtu anayekamua ng'ombe. Sasa alizipiga hesabu kichwani: glasi nne kwa zamu, zamu inarudi na kurudi, wiki mbili nzima. Asingefika hata bandari ya Bergen huko Norwei.

Alitaka kusema kwamba leo hajisikii. Kilichotoka kinywani kilikuwa kingine.

"Mimi niliacha."

Wote watatu walimtazama.

"Uliacha pombe?" Neville aliuliza, sauti imeshuka.

"Ndiyo."

"Muda mrefu?"

"Miaka miwili," alisema Glenys, kwa kuwa glasi yake ya mwisho mbele za watu ilikuwa ya sheri, ule mvinyo mtamu, siku ya maziko ya Idris. Na kama ilivyomtokea kila alipoigusa siku ile, sauti yake ilitetemeka.

Hakuna aliyeuliza zaidi. Katika nchi yao kuna mambo mawili ambayo mtu mwenye adabu hamuulizi mwenzake mezani, pesa na ulevi, na Glenys bila kujua alikuwa amejificha nyuma ya moja ili asiulizwe la pili. Rosalind aliweka kiganja juu ya glasi yake ya mvinyo. "Mimi maji yatanitosha," alisema. Neville aliikunja karatasi ya bei, akaigeuza uso chini.

"Bosi," alimwambia Anselmo, "tuletee jagi la maji. Lile kubwa. Weka na limau, kama limau bado ni bure."

"Leo bado ni bure, bwana," Anselmo alisema. "Ya kesho sijaambiwa."

Clive alimtazama Glenys, kisha akasogeza kiti chake mbele, akakaa vizuri. Jambo lile Glenys alikuja kulikumbuka baadaye.

*

Chumba chake hakikuwa na dirisha. Kilikuwa na vitanda viwili, mataulo mawili, majoho mawili ya kuogea yaliyoning'inia mlangoni kama watu wanaosubiri kufunguliwa. Kwenye kimeza kulikuwa na birika la umeme, vikombe viwili, na biskuti kwa ajili ya wawili. Kila asubuhi mtu wa usafi alileta biskuti za Glenys na biskuti za yule asiyekuwepo.

Usiku wa kwanza alilala akijiona mjanja. Ameokoka kwenye raundi, na wale watu wana adabu, wamekunywa maji ili kumsindikiza. Kesho watarudi kwenye mvinyo wao, yeye na jagi lake, mambo yaishe.

Kesho yake alikuta jagi limeshawekwa katikati ya meza, limau ndani, barafu juu. Hakuna aliyeomba karatasi ya bei. Keshokutwa vilevile. Neville alikuwa akisimulia habari za basi lake, siku ambayo bibi mmoja alipanda na kuku hai ndani ya mkoba akasisitiza kuwa ni mtoto, na meza ilicheka mpaka watu wa meza jirani, wenye chupa mbili za mvinyo mwekundu mbele yao, wakageuka kwa wivu. Glenys aliona aibu kidogo kwa ajili ya maji yale. Ila alikuwa anakula ameketi, na mbele yake kulikuwa na uso wa mtu. Alipomaliza pudini yake Clive alimsogezea na ya kwake, maana alishamwona anavyopenda kastadi.

Siku ya nne, wakitembea kwenye sitaha na upepo unawapeleka puta, Rosalind alimshika mkono. Alimshika hasa, akaupitisha chini ya kwapa lake.

"Nilikuwa na mdogo wangu," Rosalind alisema, akitazama mbele. "Aliitwa Julian. Alikunywa mpaka ikammaliza. Wala hakuwahi kulisema mbele ya meza, kama ulivyolisema wewe. Angelisema hata mara moja, labda ningejua pa kuanzia. Nilitaka ujue kwamba nakuheshimu."

Hapo ndipo Glenys alipoelewa. Hawakuwa wanamsindikiza mjane asiyependa mvinyo. Walikuwa wanamlinda mlevi. Ilimpasa aseme pale pale, na neno lilishafika kooni. Lakini ule mkono ulikuwa umepitishwa kwapani mwa mtu, na tangu msibani hakuna aliyekuwa amemshika namna ile, hata binti yake, aliyekuwa na haraka siku zote. Akasema tu, "Pole kwa Julian."

"Asante," alisema Rosalind, wakaendelea kutembea.

Baada ya hapo uongo ukawa kama mzigo aliopakiwa mgongoni na watu wema, kila mmoja akiusaidia kukaa vizuri zaidi. Neville alibadilisha njia ya kwenda kwenye onyesho la muziki ili wasipite karibu na baa. Anselmo, ambaye alishaelewa anavyoelewa, aliiondoa keki yenye wiski kwenye karatasi ya vyakula vya meza yao, na Glenys aliipenda keki ile kuliko zote.

Naye, kwa kutojua namna nyingine ya kuwalipa, aliwaita kwenye chai chumbani kwake. Kila mmoja alikuja na vikombe vyake viwili, kwa sababu kila mmoja naye alikuwa amelipia mtu asiyekuwepo. Waligongana magoti. Clive, asiyejua akae wapi, alionyeshwa kitanda cha pili, kilichotandikwa kila siku bila kulaliwa.

"Hiki nacho umekilipia?" aliuliza.

"Chote, mpaka mto."

"Basi nakaa kwa nguvu zote," alisema Clive, akajitupa. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia anatania.

*

Ndani ya sanduku la Glenys, chini ya soksi, kulikuwa na chupa bapa ya chuma, ya Idris. Ndani yake alitia wiski kidogo kutoka nyumbani. Miaka mingi nyuma waliwahi kupita kwenye mkono mmoja wa bahari huko Norwei, milima imesimama huku na huku na maporomoko yanateremka kama nyuzi, na Idris alikuwa ameegemea chuma cha sitaha akasema, "Nikitangulia mimi, uje unimwagie tone hapa. Na wewe unywe moja. Unajua sipendi kunywa peke yangu."

Asubuhi meli ilipoingia hapo, Glenys alivaa koti juu ya nguo ya kulalia akapanda juu. Watu walikuwa wachache, wengi wao na kamera upande wa mbele. Alikwenda nyuma. Maji yalikuwa ya kijani, yametulia. Alifungua chupa, akamimina nusu, akasema maneno mawili matatu ambayo ni yake na Idris. Kisha akainua chupa akanywa iliyobaki. Wiski ilimuunguza kifua na machozi yakamtoka, ya wiski na ya mengine.

Alipogeuka, Clive alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwake, kikombe cha karatasi mkononi, uso umepauka.

"Glenys," alisema polepole, kama mtu anayemwita paka aliye juu ya paa. "Ni sawa. Njoo tukae."

"Clive, siyo..."

"Njoo ukae kwanza."

Alimwongoza mpaka kwenye benchi. Akampa chai yake aishike. Akakaa pembeni, viwiko juu ya magoti, akatazama chini.

"Mimi nina miaka minane bila pombe," alisema. "Kabla ya hapo nilianguka mara nyingi sana, mpaka mke wangu akaacha kuzihesabu, halafu akaniacha na mimi. Kwa hiyo nakwambia kama mtu anayejua. Kuteleza asubuhi moja hakufuti miaka miwili. Nitakaa na wewe hapa. Tutakaa mpaka chakula cha mchana, ikibidi."

Glenys alishika kile kikombe kwa mikono miwili. Ilikuwa rahisi kulia tu, akabembelezwa, akaendelea kuwa yule waliyemfikiria. Angerudi mezani jioni na jagi lingekuwepo. Lakini mtu huyu alikuwa amemwekea mbele yake kitu ambacho inaonekana hakuwa amekiweka mbele ya mtu kwa muda mrefu, na kukipokea kwa uongo kulimshinda.

"Clive, mimi si mlevi."

"Wote husema hivyo."

"Hapana, mpenzi. Sikiliza. Mimi si mlevi. Mimi sina hela."

Clive aliinua kichwa.

Akamwambia yote: karatasi ya bei, Neville na raundi yake, karavani, chupa ya Idris na tone aliloliomba. Alipomaliza alingoja mtu yule asimame aondoke. Clive alitazama maporomoko. Mabega yake yakaanza kutikisika. Glenys alidhani analia, kumbe anacheka, kicheko kisicho na sauti kwanza, kisha chenye sauti, mpaka akashika ukingo wa benchi.

"Nisamehe," alisema Glenys.

"Nikusamehe nini?" Alijifuta macho kwa mkono wa koti. "Nikuambie. Safari iliyopita nilikula chumbani kwangu, sandwichi, kila usiku. Ukikataa raundi watu wanataka kujua kwa nini. Unaumwa? Hutupendi? Onja kidogo tu. Safari hii nilisema nijaribu tena meza, usiku mmoja, nikishindwa basi. Yule bwana aliposema raundi, nilishaanza kuinuka. Kisha wewe ukasema 'mimi niliacha', wakaleta jagi." Alimgeukia. "Umenibebea mzigo wangu, Glenys. Siku zote hizi umenibebea mbele za watu, nami sikukushukuru kwa kuwa ningekushukuru ungejua."

Glenys alimrudishia chai, Clive akanywa, akampa tena.

"Rosalind amenieleza habari za mdogo wake," alisema Glenys hatimaye. "Siwezi kukaa na lile. Itabidi niseme."

"Atakasirika."

"Atakasirika. Nitakula peke yangu, nilishazoea."

"Peke yako hutakula," Clive alisema. "Ila la kwangu liache kwangu."

"La kwako silijui," alisema Glenys.

*

Alisema jioni ile ile, kabla ya supu, kwa kuwa alijua akila kwanza atajipa sababu. Mikono aliiweka chini ya meza.

"Niliwadanganya. Sikuacha pombe, maana sikuwahi kuwa nayo kwa namna hiyo. Niliona bei za vinywaji nikaogopa raundi. Siwezi kuzimudu. Hilo tu." Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kusema 'siwezi kuzimudu' mbele ya watu wasio ndugu zake, na aliona maneno yale yanakaa juu ya kitambaa cheupe kama uchafu. "Nyinyi mmenitendea wema nisiostahili. Naomba radhi. Na naomba, kama mtakubali, jagi libaki. Mimi raundi siziwezi."

Neville ndiye aliyeanza. Alifunika uso kwa kitambaa chake cha kujifutia, akatoa jicho moja.

"Dada Glenys. Unajua kwa nini nilikimbilia raundi ya kwanza? Usiku wa kwanza watu wana aibu. Kila mtu anachukua glasi ndogo. Nilitaka niimalize zamu yangu ikiwa bado rahisi, halafu kila zamu yangu ikirudi niumwe tumbo. Uliposema umeacha, nilirudi chumbani nikapiga magoti. Pensheni ya dereva hii, dada, si ya nahodha."

Clive alicheka. Glenys naye karibu acheke. Lakini Rosalind alikuwa hajasogea. Alikunja kitambaa chake mara mbili, akakiweka kando ya sahani.

"Nilikuambia kuhusu Julian," alisema.

"Uliniambia."

"Sijamwambia mtu habari za Julian kwa miaka mingi."

Akasimama. "Samahani," alisema, kwa meza nzima si kwa mtu mmoja, akatoka mgongo umenyooka. Anselmo aliyekuwa anakuja na supu nne alisimama katikati ya njia, akamtazama akipita.

Glenys alikula kwa sababu chakula kilikuwa mbele yake. Neville alijaribu habari ya kuku tena, ikakataa kuchekesha.

Siku iliyofuata walikuwa baharini siku nzima, na kwenye kifungua kinywa Rosalind hakuonekana. Saa ya chai Glenys alichemsha birika hata hivyo. Neville na Clive walikuja na vikombe vyao. Walikuwa wamekaa, Clive juu ya kitanda cha asiyekuwepo, mlango ulipogongwa.

Rosalind alikuwa amevaa sweta kubwa, na chini ya sweta alikuwa amekumbatia kitu. Aliingia, akafunga mlango kwa mgongo, akakitoa. Ilikuwa chupa ya mpira ya maji ya moto, ile ya kulalia nayo wakati wa baridi, yenye kifuniko cha sufi cha rangi ya waridi.

"Unaumwa?" Glenys alisimama.

"Ni vodka," alisema Rosalind. "Niliipitisha bandarini kwenye ukaguzi wa pombe, tumboni, nikijifanya nina baridi yabisi. Nimewahi kuwarudisha nyumbani wanafunzi kwa makosa madogo kuliko hili." Alikaa kwenye ncha ya kitanda, chupa mapajani. "Chumba changu kiko chini kabisa, karibu na mashine za kufulia. Ndicho nilichoweza. Nimekuwa nakunywa hii peke yangu kila siku kabla ya kuja kukaa mbele yako na kuonekana mtu mwema. Ina ladha ya tairi."

"Nilikasirika," Rosalind alimwambia Glenys, "si kwa sababu ulidanganya. Nilidhani safari hii nimemsaidia mtu. Kwa Julian sikuweza, nikadhani kwako nimeweza."

"Umenisaidia," alisema Glenys. "Ulinishika mkono. Sikuwa na mtu wa kunishika mkono, Rosalind. Hilo sikulidanganya."

Rosalind akafungua kifuniko cha ile chupa ya mpira. "Haya, tusiwe watu wa huzuni. Leteni vikombe, kila mmoja tone kwenye chai yake. Angalau hii hailipiwi huduma."

Neville alisogeza chake. Glenys alisogeza chake. Clive aliweka kiganja juu ya kikombe chake, taratibu, akatazama sakafu.

Mkono wa Rosalind ulisimama hewani. Aliutazama ule mkono wa Clive juu ya kikombe. Alikuwa ameishi na Julian miaka mingi, na kuna vitu mtu huvijua bila kuelezwa. Hakuuliza. Aliirudisha chupa ya mpira mapajani, akafunga kifuniko, akakikaza.

"Hata hivyo ina ladha ya tairi," alisema. Akasimama, akaingia bafuni kwa Glenys, wakasikia vodka ikienda kwenye sinki, glu, glu, glu, muda mrefu, maana ilikuwa imebaki nyingi.

"Uwii," alisema Neville kwa sauti ndogo. "Mwalimu, ungetuuliza sisi wengine."

"Kunywa chai yako, Neville."

Aliporudi alikaa juu ya kitanda, karibu na Clive, akachukua biskuti ya mtu asiyekuwepo.

*

Jioni ile jagi lilikuwepo mezani, limau ndani. Anselmo alisimama kando akiwatazama mmoja mmoja, kama daktari anayehesabu wagonjwa wake, akaona wanne, akatabasamu.

"Limau bado ni bure?" Neville alimuuliza.

"Kwa meza hii, bwana, hata kama siyo."

Neville alinyoosha mkono kuchukua jagi, lakini Glenys alimtangulia. Alisimama. Hakuwahi kusimama mezani kwa kazi hii. Siku zote alikaa akamtazama Idris akienda kaunta. Lakini kwa miaka thelathini ya kazi jikoni mwa shule alikuwa amemimina maziwa na mchuzi na kastadi kwenye vyombo vya watoto wasiotulia, na jagi lilimkaa mkononi kama chombo chake.

"Raundi hii yangu," alisema.

Hakuna aliyemzuia. Alianza na glasi ya Clive, akaijaza mpaka juu bila kumwaga tone kwenye kitambaa. Akamzunguka Neville, aliyeshika tai yake isilowe. Alipofika kwa Rosalind, Rosalind alimwekea kiganja mgongoni, akakiacha hapo mpaka glasi ikajaa. Yake mwenyewe aliimimina mwisho. Kisha akakaa, akavuta kiti chake mbele, supu ikaja, wakala.